Kugeuza shavu la pili kazini ndo kunyamaza mpaka lini?

chumvi_kidogo

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie hili swali maana limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, nikilala naota ofisi.

Niko kitengo kimoja na kaka mmoja, meza zetu zinaangaliana. Kuna ripoti nimeiandaa miezi mitatu na kitu, takwimu nimekusanya mwenyewe, majedwali nimechora mwenyewe, kuna siku natoka usiku mlinzi ananiuliza dada we huna kwenu. Siku mbili kabla ya kikao huyu kaka akaniomba faili, akasema anataka kuangalia mpangilio tu ili ya kwake ifanane na yangu, nikamtumia bila hata kufikiri mara mbili. Siku ya kikao taa zikazimwa, projekta ikawashwa, slaidi ya kwanza jina lake. Nikasema ngoja, labda ni ya kwake kweli. Slaidi ya nne lile jedwali langu hilo hapo. Nililijuaje? Kwenye safu ya mwisho mimi niliandika "jumala" badala ya "jumla", vidole viliteleza, na sikuwahi kuliona hilo kosa mpaka siku ile limekaa ukutani kubwa kama mlango. Yani hata kosa langu hajalirekebisha! Bosi akampa mkono, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, kwa mikono yangu hii hii.

Nikamweleza kiongozi wetu wa kikundi cha maombi, akanisikiliza vizuri tu, akasema mpendwa geuza shavu la pili, Bwana atakupigania nawe utanyamaza kimya. Nikanyamaza. Wiki mbili baadae akafanya tena, safari hii wazo langu la kwenye kikao kidogo akalituma kwa imeili kama lake.

Sasa tatizo langu kubwa wala sio ripoti. Tatizo ni kwamba nimeanza kumchukia kabisa, akicheka naumia, akikohoa nakasirika. Na kwenye Baba Yetu tukifika pale "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" midomo inatembea ila sauti haitoki. Swali langu, kugeuza shavu ndo kukaa kimya? Nikienda kwa bosi nitakuwa nimemwasi Yesu? Na huku kunyamaza kwangu kunakozaa chuki ndo utii wa namna gani huu. Naombeni majibu ya kweli, msiniandikie amina tu.

MzeeWaBenchiLaNyuma

Binti yangu pole sana. Hiyo "jumala" imenichekesha halafu ikanihuzunisha.

Tuanze na andiko lenyewe maana tunalinukuu nusu. Fungua Mathayo 5:39 kwenye Biblia ya Union, haisemi shavu tu, inasema "mtu akupigaye shavu la kuume". Kuume ni kulia, lile neno la zamani, vijana wengi wanalipita tu bila kulisimamia. Sasa simama na mtu mtazamane, mwambie anyooshe mkono wake wa kulia kama anakupiga kofi la kawaida (asikupige kweli). Kiganja kinakuja shavu gani? La kushoto. Ili alipate la kulia kwa mkono uleule itabidi atumie mgongo wa mkono. Na kofi la mgongo wa mkono halikuwa la kuumiza mwili, lilikuwa la kumshusha mtu, kumwambia wewe si saizi yangu. Wayahudi wenyewe walilipima tofauti, kwenye Mishna, ule mkusanyiko wa sheria zao uliokamilishwa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, faini ya kofi la kiganja imewekwa zuzi 200 na la mgongo wa mkono zuzi 400. Maradufu! Na zuzi ni kama dinari, mshahara wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo 400 ni zaidi ya mwaka mzima wa jasho, kwa sababu ya aibu tu, hakuna hata jino lililong'oka.

Basi wengi wanaosoma hapo wanaona Yesu anasema hivi, ukidhalilishwa usirudishe, lakini usikunje mgongo pia. Simama palepale, mwonyeshe shavu lingine, mwambie kwa uso wako mimi bado ni mtu, kama unanipiga nipige kama mwenzio. Huyo hajanyamaza, amesema jambo zito bila kufungua mdomo. Hata ile ya kanzu na joho inayofuata, mtu akikushitaki akachukua kanzu mwachie na joho, wasikilizaji wale walijua Torati inasema joho la maskini lirudishwe kabla jua halijazama maana ndiyo blanketi lake (Kutoka 22:26-27). Ukimpa na hilo barazani, yani mahakamani, unabaki uchi mbele ya watu, na aibu inahamia kwa nani?

Halafu la mwisho nikupumzishe. Yesu mwenyewe alipigwa kofi. Yohana 18, mbele ya kuhani mkuu, askari mmoja kampiga. Aligeuza shavu? Hakugeuza. Alinyamaza? Hakunyamaza. Alimwambia kama nimesema vibaya onyesha ubaya wenyewe, na kama nimesema vema wanipigia nini. Aliuliza swali, tena kwa mtu mwenyewe, usoni, bila tusi. Mimi nalisoma andiko la shavu kwa mwanga wa siku hiyo.

tomaso_pacha

Mzee nakuheshimu sana ila hapa naomba nikupinge. Haya maelezo ya mkono wa kulia na wa kushoto ni matamu lakini yana hatari, tunachukua neno gumu la Bwana tunalipiga msasa mpaka linateleza. Luka 6:29 hasemi kuume wala kushoto, anasema shavu moja tu. Na Luka ameanza na joho ndo akaja kanzu, yani kama unaporwa njiani, wala hakuna baraza hapo la kumwaibisha mtu. Kwa hiyo kama maana yote iko kwenye mgongo wa mkono, waliosoma Luka peke yake walielewa nini?

Petro alikuwepo na ameandika "alipotukanwa, hakurudisha matukano". Paulo anawauliza Wakorintho waliokuwa wanapelekana mahakamani kwanini msikubali kudhulumiwa. Yesu anajua tunapenda haki zetu kuliko tunavyompenda yeye.

Nasema kwa uzoefu. Na mimi nilishadhulumiwa kazini, sitaki kueleza sana, nikasema sikubali. Miezi minane napambana, kwenye kompyuta nilikuwa na folda nimeiita USHAHIDI, kila imeili, kila meseji, kila neno la kikaoni na tarehe na saa. Nikashinda kabisa, jamaa akaandikiwa barua ya onyo. Mwaka mmoja baadae nikajikuta nimemfungulia folda mtu mwingine ambae wala hajanikosea kivile, kachelewa tu kujibu meseji zangu. Siku ile ndo niliogopa. Haki yangu niliipata lakini nimegeuka mtu wa kuhesabu makosa, na mke wangu ndo alinionyesha, aliniuliza na mimi nina folda yangu humo? Sikuwa na la kumjibu, akatoka kwenda kulala.

Dada chumvi hicho ndo Yesu anakulinda nacho. Ripoti itapita.

Na mkisema mfano wa mtu wa kawaida, Januari 30, 1956 nyumba ya Martin Luther King, yule mchungaji aliyepigania haki za weusi Marekani, kule Montgomery ilitupiwa bomu, mke na kichanga wako ndani, wakatoka salama. Watu wakajaa nje wengine na silaha. Akatoka akawaambia rudisheni silaha majumbani, tunatakiwa tuwapende adui zetu. Usiku uleule.

MzeeWaBenchiLaNyuma

Tomaso hoja ya Luka umenibana, nakubali, siwezi kujenga nyumba nzima juu ya neno kuume. Ila huo mfano wa King umenisaidia mimi zaidi. Asubuhi yake walirudi kupanda mabasi? Mgomo wao wa kukataa mabasi yaliyowabagua weusi ulianza Disemba 1955 ukaendelea mpaka Disemba 1956, siku 381, watu wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Hakulipiza na hakunyamaza. Sasa hapo katikati ndo pa kuishi, na ndo pagumu.

Hiyo habari ya folda lakini imenigusa, na mimi ninayo, ila ya kwangu iko kichwani haina hata jina.

mama_wa_mapacha

Shalom wapendwa. Sitaingia sana kwenye kesi ya dada chumvi, ya kwake ni ya ripoti na inazungumzika. Mimi naandika kwa ajili ya wale wanaosoma hapa kimya kimya ambao wao shavu lao ni shavu kweli.

Mimi niliambiwa geuza shavu. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele yangu wazee watatu wa kanisa na mama mmoja mshauri, mimi nimevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, wananisomea Mathayo 5. Wakamaliza wakaniombea vizuri sana, kwa machozi, nikarudi nyumbani. Njiani ndo nikawaza kitu, kati ya wale wote wanne hakuna aliyepigwa. Hilo neno Yesu alimwambia anayepigwa, na aliyelisema ni yeye mwenyewe ambae baadae alikuja kupigwa. Hakumpa mtu wa tatu alishike kama fimbo amwambie mwenzie haya kapigwe tena.

Nikaanza kusoma mwenyewe, si kwa kuelekezwa. Nikakuta Yesu anakimbia! Luka 4, watu wa Nazareti wanampeleka ukingo wa kilima wamtupe chini, akapita katikati yao akaenda zake. Yohana 8 mwisho wameokota mawe, akajificha akatoka hekaluni. Yohana 10 wanataka kumkamata, akatoka mikononi mwao. Akiwa mtoto mchanga malaika hakumwambia Yusufu mgeuzie Herode shavu, alimwambia chukua mtoto na mama yake ukimbilie Misri, na waliondoka usiku. Wanafunzi wake aliwaambia wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine. Saa yake ilipofika alijitoa mwenyewe, lakini kabla ya hapo kila walipotaka kumuua aliondoka, na hakuna anaesema alikosa imani.

Niliondoka na mimi. Kusamehe kulikuja baadae sana, taratibu, nikiwa mbali, nimelala usiku mzima bila kusikiliza mlango. Nilimsamehe na sijarudi, na sidhani kama hayo mawili yanagombana. Anaepigwa asisubiri amalize kuelewa Mathayo 5 ndo atafute pa kwenda, aende kwanza, atasoma akifika.

Samahanini kwa urefu.

tomaso_pacha

Mama hapo sina neno. Niliyosema mimi yasitumike kwa mtu anaepigwa, nilipaswa kuliweka hilo wazi toka mwanzo. Naomba radhi.

mtozaushuru

Mi niulize kitu kidogo tu maana nimesoma kote sijaona. Dada chumvi, huyo kaka ULISHAMWAMBIA?

chumvi_kidogo

Kumwambia nani, huyo kaka? Hapana.

mtozaushuru

Nilijua 😂

Hapo ndo ugonjwa wetu wote wana wa ufalme. Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosa enda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Hatua ya kwanza hiyo. Ya pili chukua mtu mmoja au wawili. Ya tatu ndo kanisa. Sisi tunaanza na ya nne ambayo haipo, tunamwambia kiongozi wa maombi, dada yetu, shoga yetu, grupu la WhatsApp, halafu tunakuja huku kuuliza nigeuze shavu au niende kwa bosi. Katikati hapo kuna mtu ambae meza yake inaangaliana na yako na hajui kama unajua!

Na msione kama ni kitu Yesu alikianzisha. Nendeni Mambo ya Walawi 19. Mstari wa 18 kila mtu anaujua, umpende jirani yako kama nafsi yako, ndo ule Yesu aliuita amri ya pili. Mstari wa 17 je, ulioko juu yake kabisa? Usimchukie ndugu yako moyoni mwako, usiache kumkemea jirani yako. Imepangwa hivyo, chuki ya moyoni, kumwambia, kupenda. Ukiruka la katikati unabaki na la kwanza. Dada chumvi umeandika mwenyewe, ulinyamaza ukaanza kumchukia mpaka kikohozi. Torati ilishakuona.

Nimejiita mtoza ushuru kwa sababu, msidhani nawahubiria. Mi mwenyewe nina miaka miwili sijamwambia kaka yangu kitu.

chumvi_kidogo

Sijui nicheke au nilie. Nimekaa nikahesabu, watu niliowaambia hii habari ni kumi na moja, na ninyi siwahesabu. Kumi na moja! Na kila mmoja nilianza na "naomba tuliombee hili jambo".

Ila kuna kitu, yeye sio mlokole, sijui hata kama anasali popote. Mathayo 18 si inasema "ndugu yako"? Na pia kiukweli naogopa, nikimwambia akakataa je? Hapo nitakuwa nimejidhalilisha mara mbili.

MzeeWaBenchiLaNyuma

Mwanangu hatua ya tatu ya kanisa kwake haifanyi kazi, hilo kweli, kwake hatua ya tatu ni huyo bosi wenu, na kumwendea kwa utaratibu sio dhambi. Paulo alipochapwa bila hukumu kule Filipi, asubuhi mahakimu wakatuma watu wamtoe kimya kimya, akasema hapana, waje wenyewe watutoe (Matendo 16:37). Kule Kaisaria alikata rufani kwa Kaisari. Lakini hatua ya kwanza haihitaji mtu awe mlokole, inahitaji awe na masikio.

Kuhusu kusamehe nikuongezee kitu, maana naona unadhani kusamehe ni kujifanya hakuna deni. Soma uleule mlango wa 18 mbele kidogo, yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akamkaba mwenzie koo kwa dinari mia. Tunazoea kuhubiri kwamba dinari mia ni vijisenti. Si kweli. Dinari moja ni kutwa ya kibarua, Yesu mwenyewe ndivyo anavyolipa kwenye mfano wa shamba la mizabibu, kwa hiyo dinari mia ni siku mia za kazi. Miezi mitatu na kitu, binti yangu. Ni ripoti yako hiyo! Mwenzio anadaiwa kitu cha kweli kabisa na mfano haumwambii yule mtumwa ulikuwa hudai. Ni kwamba ukiziweka dinari mia pembeni ya talanta elfu kumi hazionekani, maana talanta moja ni kama dinari elfu sita, ukipiga hesabu zote elfu kumi ni miaka laki mbili hivi ya kazi ya kibarua. Yesu kaweka namba ya kuchekesha makusudi. Sasa deni huwezi kulisamehe kama hujalitaja. Nenda ukalitaje, kiasi chake na tarehe yake, usipunguze usiongeze. Halafu utaona kama unaweza kuliachia.

tomaso_pacha

Naungana na mzee na mtoza, na naongeza la kiufundi tu kutoka kwa mtu aliyeharibu. Usiende na karatasi. Usimtumie imeili, imeili ndo mlango wa folda. Usiende siku umekasirika na usiende siku bosi kamsifia. Na jua unataka nini kabla hujafungua mdomo, mimi sikujua, nilitaka tu aumie kama mimi.

mama_wa_mapacha

Na uende sehemu ya wazi dada, mnaonekana ila hamsikiki. Mengine Mungu akutangulie.

chumvi_kidogo

Nimerudi. Siku sita zimepita, nilitaka kuandika mapema nikashindwa.

Nilimwambia. Tulikuwa kwenye korido pale kwenye mashine ya kutoa nakala, inatoa karatasi moja moja polepole kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia, na mimi pia. Nilipanga maneno mazuri usiku kucha, yote yakapotea, nikasema tu kaka ile ripoti ilikuwa yangu, ulichukua faili langu ukaweka jina lako, na imeniuma sana na nimeanza kukuchukia na sitaki. Vile vile kama nilivyoandika hapa. Akasema hapana, alitumia baadhi tu ya vitu, ni kazi ya kitengo. Nikamwambia jumala. Akasema nini? Nikasema slaidi ya nne, safu ya mwisho, jumala. Akanyamaza, mashine inaendelea, krrr krrr. Halafu akacheka kidogo, sio kwa dharau, akashika uso.

Sasa hapa ndo sikutegemea. Akaniambia na wewe unakumbuka kile kikao cha bajeti? Nikasema kipi. Akanikumbusha, kuna kikao mwaka jana yeye alikosea hesabu mbele ya watu na mimi nilimrekebisha, hilo sawa, lakini nikaongeza utani, nilisema "ndo maana tunakuwaga na kalkuleta", watu wakacheka sana, na eti mpaka leo kuna mtu anamwita Kalkuleta. Wapendwa nilikuwa sikumbuki KABISA. Nilisema nikapita, yeye alibaki nayo mwaka mzima, meza zetu zinaangaliana.

Nikakumbuka ule mstari mwingine, ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako. Siku zote nilikuwa nausoma kama vile mimi ndo nimekosewa, kumbe pale aliyekosa ni mwenye sadaka. Na wale watu anawaambia wako Galilaya, madhabahu iko Yerusalemu, ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, yani uiache sadaka yako pale, urudi nyumbani kote huko kupatana na mtu, ndo uende tena. Mimi nilikuwa na hatua tatu tu kufika kwenye meza yake.

Nikamwomba msamaha ile ya kalkuleta. Alipokea, kwa shingo upande lakini alipokea. Ya ripoti yeye hajaniomba msamaha, tuwe wakweli, hajasema neno samahani. Kasema "nitaliweka sawa". Sijui ndo nini. Jumatano kuna kikao na ripoti inarudi kwa ajili ya marekebisho. Asiponitaja nitaenda kwa bosi, nimeshamwambia hivo na nimemwambia nitaenda mbele yake sio nyuma yake. Mikono ilikuwa inatetemeka ila nimesema.

Jana kwenye Baba Yetu nilifika pale kwenye deni. Sauti ilitoka, ndogo, aliye pembeni yangu hakuisikia.

mtozaushuru

Huyu "nitaliweka sawa" namjua, yuko kila ofisi 😂 ila we umefanya. Jumatano tuletee habari.

Nimempigia kaka yangu jana, hakupokea. Nitapiga tena kesho.

MzeeWaBenchiLaNyuma

Hongera mwanangu. Kumwambia mtu "nimeanza kukuchukia na sitaki" mimi sina ujasiri huo na nina mvi.

tomaso_pacha

Na jumala umeshairekebisha?

chumvi_kidogo

Bado. Faili liko kwake.